Kupiga Picha Bila Kupitia Chuo

Upigaji picha ni ujuzi unaopatikana hata nje ya darasa, na anayeupenda kwa kujifurahisha hana haja ya kungoja ada ya chuo wala kamera ya bei kubwa. Kamera ya simu yamtosha kuanzia, mradi aitumie kwa utaratibu. Utaratibu huo ndio unaowapotea wengi: hupiga mamia ya picha wasizozitazama tena, na mwaka ukiisha makosa yao ni yale yale.

Ushahidi kwamba chuo si lazima upo Bamako, nchini Mali. Seydou Keïta alikuwa kijana wa useremala alipopewa na jamaa yake kamera ndogo ya Kodak Brownie mwaka 1935. Hakupitia chuo chochote cha picha. Alijifunza kwa kupiga na kuharibu, na kazi ya kusafisha picha akaelekezwa na mpiga picha wa mjini humo, Mountaga Dembélé. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwao. Aliwapiga watu uani kwa mwanga wa jua, akitundika shuka ya kitanda nyuma yao, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu. Leo picha hizo zimo katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Basi kukosa chuo si kukosa mwalimu: anayejua zaidi yupo, naye hana budi kuulizwa.

Somo la kwanza ni mwanga. Karibu na ikweta jua la adhuhuri husimama utosini, likatia kivuli machoni na chini ya pua. Anayejifunza na ampige mtu yule yule saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kisha azilinganishe picha hizo. Halafu amketishe barazani, uso ukielekea nje, aone jinsi mwanga wa kivulini unavyolainisha sura.

La pili ni chombo chenyewe. Shata, yaani kilango cha mwanga ndani ya kamera, ikifunguka kwa 1/30 ya sekunde, mtoto anayekimbia hutoka kama ukungu. Kwa 1/500 huganda hewani. Tundu la lenzi likiwa pana, kama f/2, yaliyo nyuma hufifia. Likiwa dogo, kama f/16, ya karibu na ya mbali huonekana vizuri. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ikipandishwa, picha hupatikana hata gizani, lakini hujaa chengachenga. Kwa vile ambavyo kamera yake inaruhusu, na abadilishe kimoja kwa wakati, ajue kila kimoja kimefanya nini. Ajue pia kwamba kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa yote iliyoyaona. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, weupe ule huifanya kamera ipunguze mwanga, na uso ukatoka giza tupu. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga kidogo.

La tatu ni kuchagua. Kila wiki na azipitie picha zake, abakize tano, na aandike kwa nini nyingine zimekataliwa. Kisha amwonyeshe fundi wa studio ya mtaani, asiyeona haya kusema kweli. Sifa za marafiki hazimrekebishi mtu.

La nne ni adabu. Kuomba ruhusa hutangulia kupiga. Mtoto huombewa kwa mzazi wake, na mgonjwa au mfiwa huachwa na msiba wake.

Cheti kitamfaa anayetafuta ajira. Anayepiga kwa mapenzi hana mteja anayemharakisha, na hiyo ni nafasi ambayo hata mwanachuo hana: aweza kukaa mwezi mzima kwenye mwanga peke yake mpaka aumudu. Nafasi hiyo asiipoteze kwa kungoja kamera bora. Aanze na aliyo nayo.