AFYA YETU: Sindano Isiyopenda Jua

Mwezi huu tunajifunza neno moja jipya. Neno lenyewe ni peptidi. Lisome polepole: pep-ti-di.

Chukua uzi, utunge shanga chache. Huo ndio mfano wa peptidi. Uzi ukiwa mrefu, wenye shanga mamia, huitwa protini, ile iliyomo katika maharage, samaki na mayai. Mwili wako hutunga nyuzi za namna hii kila siku. Baadhi yake ni wajumbe. Hupita katika damu na kupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine.

Mjumbe mmoja umekwisha kumsikia. Anaitwa insulini, naye ana shanga 51. Hutengenezwa na kongosho, lililo nyuma ya tumbo. Insulini huuambia mwili upokee sukari iliyomo katika damu. Mtu ambaye kongosho lake halitoi tena insulini hupata kisukari, na hawezi kuishi bila sindano. Wengi wao huanza kuugua wakiwa watoto au vijana.

Utauliza, kwa nini asipewe vidonge? Kwa sababu tumbo halijui tofauti ya insulini na maharage. Huukata uzi, na shanga zikatawanyika. Vidonge wanavyomeza wagonjwa wengine wa kisukari ni dawa nyingine.

Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada. Wagunduzi walikuwa Frederick Banting na Charles Best, pamoja na wenzao. Tarehe 11 Januari, 1922, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alichomwa sindano ya dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Haikumfaa sana, na pale alipochomwa pakafanya jipu. Insulini ilikuwamo, lakini ilikuwa imechanganyika na uchafu. Mwenzao James Collip akaisafisha zaidi. Tarehe 23 Januari kijana akachomwa tena, na mara hii sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi. Mgonjwa alikuwa yule yule na dawa ile ile. Kilichobadilika ni usafi wa dawa.

Siku hizi insulini nyingi hutengenezwa na vijidudu vinavyofugwa kiwandani, na kiwanda huipima usafi na nguvu. Lakini dawa iliyotoka kiwandani ikiwa nzima inaweza kuharibikia njiani, au nyumbani kwako.

Fikiri yai. Ukilichemsha, ute wake huwa mweupe. Hata ulitie katika maji baridi, halirudi kuwa bichi. Joto huharibu insulini namna hiyo. Ubaya ni kwamba yai hujionyesha, lakini insulini iliyochomwa na jua inaweza kubaki safi kama maji.

Kwa hiyo, unapopokea kichupa, uliza kilikuwa kimekaa wapi. Usione haya. Mhudumu mzuri wa zahanati au duka la dawa lililosajiliwa atakuonyesha jokofu lake. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha tazama namba. Vichupa vingi vimeandikwa 100, maana yake kila mililita ina vipimo 100. Bomba la sindano nalo liwe la 100. Yakitofautiana, mgonjwa atapata dawa nyingi mno au kidogo mno, na yote mawili yanaweza kuua.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Kisigande. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika wiki 4 nje ya jokofu, mradi kisipate joto kali. Karatasi iliyomo ndani ya boksi itakueleza zaidi. Andika juu ya kichupa tarehe uliyokifungua. Kalamu unayo sasa, na hiyo ni kazi yake.

Kama huna jokofu, tafuta vyungu viwili. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji. Tia kichupa ndani ya mfuko usiopenya maji, ukiweke katika chungu kidogo, ufunike kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo. Dodoma na Singida, penye hewa kavu, chungu hupoa vizuri. Pwani hewa ina unyevu, hakipoi sana. Basi kitumie kwa kichupa kimoja tu, vingine omba vikae zahanati.

Insulini ya maji lazima iwe angavu. Ile nyeupe, ukiiviringisha polepole viganjani, lazima ifanane na maziwa. Ukiona chembechembe, usiitumie. Na kama mgonjwa anachomwa kama kawaida, lakini kiu na kukojoa sana vimerudi, shuku kichupa. Mpeleke kwa mganga pamoja na kichupa hicho. Usimwongezee kipimo, wala usimwachishe dawa. Akitapika au kuhema kwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi. Wako watu wanaouza sindano za peptidi kwa njia ya simu. Wanasema hutunisha misuli, hupunguza unene, hung'arisha ngozi. Peptidi nyingine ni dawa za kweli ambazo daktari huandika. Lakini kichupa cha mchuuzi kilikaa wapi? Nani alikipima? Baadhi yake vimeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni vya utafiti tu, si vya binadamu, na mnunuzi hajui kilichoandikwa. Hapa Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mchuuzi asiyeweza kukuonyesha kuwa dawa yake imesajiliwa, mwache aende na kikapu chake.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kutunza miguu ya mgonjwa wa kisukari.