UCHAMBUZI: Tableti za shule zaweza kupata uhai wa pili, lakini nani atafungua kufuli?

SERIKALI ya Jubilee ilipoanza kusambaza vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma mnamo 2016, hoja iliyotawala mijadala ilikuwa moja tu: je, vitafika? Ahadi yenyewe ilikuwa imetolewa katika kampeni za 2013, na zabuni ya kwanza ikafutwa 2014 kufuatia mvutano mkali. Hatimaye vilifika. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa katika shule zaidi ya 20,000 chini ya mpango uliosimamiwa na Mamlaka ya ICT.

Swali la leo ni jingine, nalo ni gumu zaidi. Vifaa hivyo vikishazeeka, nani ana ujuzi, na nani ana idhini, ya kuvipa uhai wa pili?

Swali hilo lina uzito wa kipekee katika maeneo kama Kipkelion, kaunti ya Kericho. Huu ni mji uliokua kando ya reli iendayo Kisumu, na ambao enzi za ukoloni ulijulikana kama Lumbwa. Wakazi wake hutegemea mahindi, maziwa, kahawa na majani chai. Mei 2023, waandamanaji katika kaunti hiyo waliteketeza mashine za kuchuma majani chai, wakilalamika kwamba zimewapokonya vijana riziki. Mzazi aliyeshuhudia hayo haoni tarakilishi kuwa anasa. Anaiona kama njia ya mwanawe kusimama upande wa anayeiongoza mashine, badala ya upande wa anayefukuzwa nayo.

Jibu moja ambalo limekuwa likitajwa na wapenzi wa programu huria ni kuondoa mfumo uliokuja na tableti na kuweka Linux kamili, ile inayotumika katika tarakilishi za mezani. Kwa njia hiyo, wanasema, kifaa kilichokuwa cha kutazamia picha na kubofya michezo kitageuka kuwa tarakilishi ya kuandikia, kupigia hesabu na kujifunzia kuunda programu.

Wazo hilo si jipya. Kampuni ya Nokia ya Finland ilipotoa tableti yake ya intaneti, Nokia 770, mwaka wa 2005, ilitumia mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo makongwe ya Linux. Haukupita muda kabla ya watumiaji wa tableti za aina hiyo kuanza kuziwekea Debian kamili, ili kupata programu zile zile zilizokuwa katika tarakilishi kubwa. Kifaa cha kutosha kiganjani kilithibitisha kwamba kinachoamua kazi ya chombo si ukubwa wake, bali ni uhuru wa mwenye nacho kukielekeza.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Tableti yenye Android tayari ina Linux ndani yake. Kiini cha Android ni kile kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka wa 1991. Kinachotofautisha Android na Debian au Ubuntu ni programu zilizojengwa juu ya kiini hicho, na zaidi ya yote, kufuli ambazo watengenezaji huziweka ili mtumiaji asibadilishe chochote.

Kutokana na hali hiyo, fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha Android ilivyo na kuiweka Linux kando yake, zikitumia kiini kimoja. Programu kama Termux huwezesha jambo hili bila kufuta chochote. Ni njia salama, kwani ikishindikana kifaa hubaki jinsi kilivyokuwa. Udhaifu wake ni kwamba mifumo miwili hugawana kumbukumbu iliyo ndogo tangu mwanzo, na kiini kikongwe chenye mianya ya kiusalama hubaki pale pale.

Njia ya pili ni kufungua kufuli ya programu inayowasha kifaa, kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Huu ndio mwelekeo wa mradi wa postmarketOS, ulioanzishwa 2017 kwa lengo la kurefusha maisha ya simu na tableti zilizoachwa na watengenezaji wake. Njia hii huleta faida kubwa, lakini hatari yake pia ni kubwa. Kosa dogo katika hatua ya kufungua kufuli laweza kukiacha kifaa kikiwa kimezimika kabisa, kisirudi tena.

Ni dhahiri basi kwamba hakuna dawa moja inayotibu tableti zote. Jambo la kwanza la kuchunguza ni prosesa. Tableti zenye prosesa za jamii ya Intel hufanana na tarakilishi za kawaida, na aghalabu hukubali kuwashwa kwa flashi yenye Linux. Hata kati ya hizo kuna mtego: baadhi zina prosesa ya biti 64 lakini programu ya kuwasha ya biti 32, na flashi nyingi hukataliwa. Debian ilianza kuikabili hitilafu hiyo katika toleo lake la 2015. Kwa upande mwingine, tableti zenye prosesa za jamii ya ARM zinahitaji mfumo ulioandaliwa mahususi kwa kila modeli. Kinachofanya kazi katika moja chaweza kugoma katika nyingine inayofanana nayo kwa sura.

Isitoshe, kuwaka si kufanya kazi. Ni kawaida Linux kuwaka vizuri katika tableti, kisha kioo kisitambue kidole, sauti isitoke, au intaneti isiyotumia waya isionekane. Sababu ni kwamba viungo hivyo huendeshwa na programu ndogo za siri ambazo watengenezaji hawakuzitoa hadharani. Mwalimu anayekabidhiwa kifaa cha namna hiyo atakirejesha kabatini kabla ya kengele ya mapumziko.

Kumbukumbu nayo ni kikwazo. Kifaa chenye gigabaiti moja au mbili hakiwezi kubeba mapambo ya kisasa. Kinahitaji mandhari nyepesi kama Xfce au LXQt, na matumizi ya intaneti yenye kiasi. Hapa shule za mashambani zina nafasi ambayo hazijaitumia ipasavyo. Kiwix huwezesha Wikipedia kusomwa bila intaneti, ilhali Kolibri huhifadhi masomo katika kifaa kimoja na kuyagawa kwa vingine darasani. Si lazima kila tableti ifanye kila kitu.

Kuhusu lugha, Afrika Mashariki si ngeni katika uwanja huu. Mwaka wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza azma ya kuzitafsiri programu zake pia. Funzo ni kwamba programu ambayo msimbo wake uko wazi haimlazimu mwenye lugha kungojea ridhaa ya mwenye kiwanda.

Lakini kizingiti kikubwa kuliko vyote si cha kiufundi. Tableti za shule ni mali ya umma. Mwalimu mkuu ndiye anayetia sahihi daftari la mali, na ndiye atakayeulizwa na wakaguzi iwapo kifaa kitaharibika mikononi mwa fundi wa mtaani. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaeleza jinsi mali iliyochakaa inavyoondolewa, lakini mwalimu anayetaka kukarabati badala ya kuondoa anahitaji mwongozo ulio wazi kutoka ngazi za juu. Pasipo mwongozo huo, uamuzi wenye hekima kwake ni kufunga mlango wa stoo na kutunza ufunguo. Ndivyo mali ya umma inavyoozea mahali salama.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni kupoteza wakati. Betri zimechoka, wanahoji, na maudhui ya masomo yaliyowekwa na serikali huenda yasifunguke katika mfumo mpya. Hoja hizo zina ukweli. Betri iliyofura ni hatari kwa mtoto na haifai kurekebishwa kwa programu yoyote. Maudhui nayo yapaswa kunakiliwa kabla ya chochote kufutwa. Lakini kutupa nako kuna gharama. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Kifaa kinachoweza kutumika miaka mitatu zaidi ni taka iliyoepukwa, na ni pesa ambazo hazikuombwa kwa mzazi.

Njia ya busara ni ya katikati. Mamlaka ya ICT ichapishe maelezo kamili ya kila modeli iliyosambazwa pamoja na njia halali ya kufungua kufuli zake. Vyuo vikuu vya Moi na JKUAT, vilivyoshirikiana na kampuni za kigeni kuunganisha vifaa hivyo, vina kumbukumbu na wataalamu wanaohitajika. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilicho katika kaunti ya Kericho, pamoja na vyuo vya kiufundi vya eneo hilo, vingeweza kuwapa wanafunzi wao kazi ya kuzipanga tableti za shule chache za Kipkelion katika mafungu matatu: za kuwekewa Linux, za kuachwa zilivyo na za kuondolewa. Matokeo yatangazwe hadharani, mazuri na mabaya, kabla ya mpango kupanuliwa.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya hauko mbali, kwani mtaala wa umilisi unaendelea kudai vifaa, na zabuni nyingine hazikosi kuja. Zitakapokuja, wabunge na wazazi wasiulize bei na idadi pekee. Waulize pia kama mkataba unailazimisha kampuni kukabidhi funguo za kifaa pamoja na kifaa chenyewe. La sivyo, Kipkelion itajikuta tena na kabati lililojaa, na mjadala ule ule.