Tuwapeleke watoto kwenye kumbi za mashine za michezo?



Jumatano iliyopita, baada ya swala ya Isha, mdogo wangu wa kike alifika nyumbani kwangu hapa Nachingwea akiwa na jambo moja tu la kuniuliza. Ufuta wao umekwisha kuuzwa mnadani, fedha zimeingia, na shule zimefungwa kwa likizo ya Juni. Siku chache zijazo atasafiri kwenda Dar es Salaam kumpeleka mama mkwe wake akatazamwe macho, na watoto wake watatu atakwenda nao. Tatizo ni kwamba mtoto wa baba yao mdogo anayeishi huko amewatumia picha za video kwenye simu: ukumbi mkubwa ndani ya jumba la biashara, taa za kila rangi, vigari vya kugongana, mashine zinazoimba zenyewe. Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. "Kaka," akaniuliza, "inafaa kuwapeleka, au ni kuwatia upuuzi vichwani?"

Kwetu sisi Wamwera mjomba haulizwi swali kama hili kwa kupita njia. Ukoo wetu kwa asili hufuata upande wa mama, na hata leo, watu walipochanganyika na mambo mengi kubadilika, mtoto akiharibika bado kuna mzee atakayeuliza mjomba wake alikuwa wapi. Nilimwomba anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na aibu yangu ndani yake, nikataka kwanza nilipange.

Mwaka jana ukumbi wa namna hiyo niliuingia mimi mwenyewe. Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu, na nilikuwa nimefuatana na watoto wawili wa dada yetu mkubwa anayeishi Ruangwa: wa kiume mwenye miaka tisa na wa kike mwenye miaka sita. Siutaji ukumbi wenyewe, kwani zipo kadhaa na nijuavyo mimi hazitofautiani sana.

Nianze na haki yake. Watoto wale walifurahi furaha ambayo sijawahi kuiona nyusoni mwao. Upande mmoja palikuwa na jumba la mpira lililojazwa upepo, nyavu za kupanda, mtelezo mrefu na bwawa lililojaa mipira midogo. Yule binti, ambaye nyumbani huogopa hata kupanda mwembe ulioinama, alipanda nyavu zile hadi juu akaniita jina langu kwa sauti ya ushindi. Kaka yake alinishinda mara tatu kwenye mashine ya kutupia mpira wa kikapu, nami nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Asije mtu akasema kwamba furaha ile ilikuwa batili. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (RA), alimwachia acheze na wanasesere wake, na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini alimsitiri naye akatazama mpaka akatosheka. Alimtania hata mtoto mdogo aliyefiwa na ndege wake. Dini yetu haina ugomvi na mchezo wa mtoto.

Mashaka yangu yalianzia kwenye kadi. Ukiingia, hulipi fedha kwenye mashine. Unampa fedha mhudumu, naye anakupa kadi iliyojazwa alama. Niliweka shilingi 30,000. Kila mchezo unakula alama zake, na kila mashine ina kiwango chake. Mpwa wangu ni mtoto wa dukani. Mama yake anauza vitumbua na yeye ndiye hurudisha chenji. Thamani ya shilingi mia mbili anaijua kuliko mimi. Lakini thamani ya alama arobaini hakuijua, nami pia sikuijua. Kabla ya dakika arobaini kwisha, kadi ilikuwa imebaki na alama chache zisizotosha mchezo wowote. Fedha hairudishwi. Ama uziache zipotee, ama uongeze. Niliongeza 10,000.

Ni katika kuongeza huko ndipo nilipokosea, kwa sababu fedha ile yote ilikwenda kwenye sanduku la kioo lenye makucha. Msomaji ambaye hajaliona alifikirie kama kabati lililojaa midoli, na juu yake mkono wa chuma wenye vidole vitatu. Unauongoza kwa kijiti, unashuka, unabana mdoli, unaunyanyua, kisha karibu na tundu la kutokea unauachia. Mpwa wangu aliamini kwamba anakosea kulenga. Mimi pia niliamini hivyo. Baadaye nikaja kufahamu kwamba mashine nyingi za aina hii zina mpangilio wa ndani: mwenye nazo anaweza kuamua vidole vibane kwa nguvu kamili baada ya michezo mingapi, na kabla ya hapo vibane kwa ulegevu. Kwa hiyo mtoto anaweza kulenga vizuri kuliko seremala na bado asipate kitu, kwa sababu zamu ya kutoa haijafika. Na ule mdoli kuanguka hatua moja kabla ya tundu ndio ujanja wenyewe, kwani aliyekosa kidogo hukaa akarudia, aliyekosa kabisa huondoka.

"Mjomba, mara moja tu," akaniambia. Nikamwachia. "Mjomba, hii ya mwisho." Nikamwachia tena. Mtoto alikuwa ameacha kucheka. Macho yalikuwa yamekaza kama ya mtu mzima mwenye deni.

Mashine nyingine zilitoa tiketi za karatasi, ambazo hukusanywa na kubadilishwa kwa zawadi kaunta. Tulikuwa na tiketi mia tatu na kitu. Tulipewa kichongeo cha penseli na pipi mbili.

Jambo jingine lilinishtua. Ukumbi ule hauna dirisha wala saa ukutani, na muziki wake haumpi mtu nafasi ya kusikia adhana. Nilipotoa simu mfukoni, Adhuhuri ilikuwa imebakiwa na muda mdogo sana. Tulishuka ngazi mbio hadi chumba cha kuswalia kilichokuwa chini, karibu na maegesho ya magari, yule binti akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Tulirudi kusini, na nikadhani mambo yamekwisha. Haikupita mwezi dada akanipigia simu kutoka Ruangwa. Alikuwa amemtuma kijana sukari, akakawia, akamfuata. Alimkuta kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, amesimama kando ya vijana wakubwa mbele ya ile mashine ya kutumbukiza sarafu za mia mbili ambayo vijana huiita dubwi. Fedha ya sukari ilikuwa imekwisha. Nilipokwenda kuzungumza naye hakukataa wala hakulia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema, "Mjomba, mbona hii ni kama ile ya Dar?"

Msomaji, neno lile sikuweza kulijibu pale pale, na mpaka leo ninalibeba. Alikuwa amesema kweli. Unatoa fedha, unabonyeza, unangoja, na mashine ndiyo inayoamua. Tofauti ni kwamba ile ya Dar es Salaam ina rangi za kupendeza na mjomba amesimama pembeni anatabasamu, na hii ya Ruangwa imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda. Sheria ya nchi yetu inaziona tofauti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mwenye kibanda anayemwachia mtoto anavunja sheria. Lakini mtoto wa miaka tisa hasomi sheria, anasoma mikono yetu.

Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu (SWT) ameitaja kamari pamoja na ulevi, na akataja sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Yeye na swala. Nilipozisoma tena baada ya simu ile nilikumbuka kiatu kilichokuwa mkononi mwa yule binti. Sitaki kutoa fatwa. Wenye elimu wapo na wanafikika. Ninachokisema kama mlezi ni kwamba kipo kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukishika. Uliza fedha yako inanunua nini. Ikiwa inanunua nafasi ya kuruka, kupanda, kuteleza, kuendesha kigari au kutupa mpira, umenunua mchezo, na ukishacheza umepata ulicholipia. Ikiwa inanunua matumaini ya kupata kitu ambacho huenda ukakipata au usikipate, huo ni mlango mwingine, hata kitu chenyewe kikiwa ni mdoli wa sungura.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu hivi. Kufunga safari kutoka Nachingwea kwa ajili ya ukumbi tu, hapana, haistahili hata kidogo. Ni kutwa nzima ya barabara, na nauli ya watu wanne peke yake ni sare za shule. Lakini kwa kuwa safari ipo na macho ya bibi yao ndiyo sababu, awapeleke, mara moja, saa moja na nusu isizidi, asubuhi baada ya kifungua kinywa ili Adhuhuri iwakute wamekwisha kutoka. Atafute ukumbi unaotoza kiingilio kwa saa, kwani zipo za namna hiyo, ambapo mtoto hulipiwa mara moja akaruka mpaka achoke. Asichukue kadi ikiwa inaepukika. Akilazimika kuichukua, aseme kiasi mbele ya watoto kabla ya kuingia, kwa shilingi na si kwa alama, na kikiisha kimeisha. Makucha na mashine za tiketi wazipite kama wanavyopita duka la pombe, na awaeleze sababu, maana katazo lisilo na sababu humfanya mtoto arudi peke yake.

Yule mdogo wa miaka mitatu nilimshauri ambakize na bibi yake. Kelele zile ni nyingi kwa masikio ya mtoto mchanga, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wake asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kadiri inavyokuwa pungufu ndivyo bora. Wenye mtoto mwenye kifafa wamwulize daktari kwanza, kwa sababu taa za kumetameta zinaweza kumwamshia degedege.

Nikamwongezea jambo ambalo hakuliuliza. Basi lao litapita Nangurukuru, na kutoka pale hadi Kilwa Masoko si mbali. Kuvuka kwa mashua hadi Kisiwani na kuwaonyesha watoto kuba za Msikiti Mkuu, msikiti uliokuwa ukiswaliwa zama za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, kungekuwa na mchezo wa kutosha: mashua, mawimbi, magofu ya kukimbilia. Alinitazama kama mtu anayehesabu mizigo na mama mkwe mwenye macho mabovu, akasema, "Kaka, hilo wakati wa kurudi, Mungu akipenda." Sikumlaumu.

Na huku nyumbani? Dada yangu wa Ruangwa alipata dawa bila ya kuniuliza mimi. Namungo wanapocheza pale Uwanja wa Majaliwa, shemeji humchukua kijana wakaingia pamoja, jambo ambalo zamani alilifanya na marafiki zake tu. Siku zisizo na mechi kijana hukaa barazani na babu yake akifundishwa bao. Naambiwa kete anazihesabu kwa kasi, na kwamba babu ameanza kulalamika kuwa anashindwa na mtoto. Kibanda chenye dubwi bado kipo. Wazee wa mtaa wamekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara mbili, na mara ya pili nilikuwepo. Mwenye kibanda ameahidi kwamba watoto hatawaachia tena. Ahadi hiyo tunaitazama, na kila anayepita stendi jioni ameombwa atupe jicho.

Mdogo wangu anaondoka Jumamosi alfajiri. Juzi yule kijana wa Ruangwa aliletwa kuwaaga ndugu zake, na nikamsikia ukumbini akiwaeleza kwa umakini wote jinsi mkono wa chuma unavyobana kwa ulegevu mpaka zamu yake ifike. Mdogo wake wa Nachingwea akamwuliza, sasa zamu hiyo mtu anaijuaje. Akamjibu kwamba haijui mtu isipokuwa mwenye mashine.

Tumekubaliana kwamba fedha ya mchezo itakaa kwa mama yao. Mjomba hatakuwepo, na nadhani ni heri.