Haki Ipimiwe Ku Mulango wa Kasapa

Vijana ba Kenya, ba Katuba, ba Ruashi, ba Kampemba!

Kila mwaka World Justice Project inatoa orodha ya inchi na namna zinaheshimu sheria. Kongo yetu iko kule chini, kati ya za mwisho. Bakubwa banapenda kusema ile ni hesabu ya bageni, habajue maisha yetu. Sawa. Basi tupime sisi benyewe.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 18, inasema: mutu akikamatwa aelezwe palepale sababu, mu luga anayoisikia. Polisi haina ruhusa ya kumufunga zaidi ya masaa 48. Kisha aachiliwe ao apelekwe ku parke. Ni masaa ngapi? Ni luga gani? Hivi tayari ni vipimo viwili, na havihitaji mutaalamu wa kutoka Geneva.

Sasa tuangalie Kasapa. Ilijengwa kwa batu karibu 800. Mu Septemba 2020, wakati wa fujo, ilikuwa na karibu 2,000, na banawake bafungwa babakwa mule ndani siku tatu. Tunauliza: kati ya bale banawake, bangapi balikuwa hata habajahukumiwa? Zuzi hajasema kitu, lakini azabu imeisha kufika.

Mwaka 2015 Kongo ilikubali Malengo ya Maendeleo ya Umoja wa Mataifa. Lengo la 16 linataka haki ifikie batu bote sawasawa, na kipimo chake kimoja ni hiki: kati ya bafungwa bote, bangapi habajahukumiwa? Kuhesabu ile hakuombe makuta mengi. Prizo inapaswa kuwa na kitabu cha kuingia. Bakifungue, bahesabu.

Kuko benye kusema: kesi ni kidogo ku tribinali, basi amani iko. Hapana! Mama wa soko mwenye kunyanganywa kiwanja alipiga hesabu: taksi, avoka, karatasi, makuta ya huyu na ya yule. Akaona kesi ni bei kali kuliko kiwanja, akabakia ku nyumba. Hakuna kitabu kinamuhesabu. Na yeye njo angepashwa kuhesabiwa wa kwanza.

Tunaomba vitu vitatu:

1. Kila mwezi Kasapa ibandike ku mulango: bafungwa ni bangapi, bangapi habajahukumiwa, na mwenye kungoja zaidi anangoja tangu siku gani.

2. Kila kasho ya polisi iandike ku ubao saa mutu aliingia na saa masaa 48 yanaisha.

3. Bei zote za tribinali zibandikwe kwa Kiswahili. Artikle ya kwanza ya Katiba inakiita luga ya taifa; basi kiingie na mu tribinali.

Na wewe kijana, usingoje bakubwa. Ndugu yako akikamatwa, andika siku na saa. Uliza sababu, kwa Kiswahili, na andika jibu. Masaa 48 yakipita, uko na kitu mu mukono. Batu banaweza kutawanywa na gazi. Hesabu iliyoandikwa haitawanyike.

Tunangoja karatasi ya kwanza ku mulango wa Kasapa mwisho wa mwezi huu. Isipoonekana, tutakuja kuiuliza, kwa amani, mikono mitupu, na madaftari yetu.