Mashine Tunazo, wa Kutuonyesha Yuko Wapi?

Mwaka jana, wakati sisi wengine tunalalamikia boom lililochelewa, kuna dada mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa anahangaika na mvua. Tunakaa naye jengo moja hosteli, mlango wake unatazamana na wetu. Utafiti wake ulihusu mvua za masika ukanda wa pwani, na kila usiku kompyuta mpakato yake ilikuwa wazi mezani, feni inavuma kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili. Tulimtania: "Dada, hiyo kompyuta hailali?" Anajibu, "Ikilala hiyo, mimi nimekwisha."

Siku ya tisa umeme ukakatika. Betri ilikuwa imeshakufa zamani. Hesabu za siku tisa zikaondoka na umeme, maana programu yenyewe hakuipanga iwe inahifadhi kazi kila baada ya muda. Akaanza upya. Akapunguza eneo, akapunguza miaka, na mwisho wa yote akawasilisha tasnifu ndogo kuliko aliyoikusudia. Ameshachukua nakala zake kwa mjalidi ndipo fundi mmoja wa maabara, wakiwa kwenye foleni ya chai, akamwambia kwamba chuo kina mashine ya kazi hizo. Ipo kwenye chumba chenye kiyoyozi, ndani ya jengo tunalopita kila siku tukienda kula. Kazi ya siku tisa ingeisha kwa saa chache.

Hakuna mtu aliyemficha. Ni vile tu kwamba kumwambia haikuwa kazi ya mtu yeyote. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ninaomba wanachuo wenzangu tuijadili hata kama itawaudhi wakubwa kidogo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo nitatumia mfano wa kwetu. Chukua maelfu ya karatasi za mtihani wa kidato cha nne. Mpe mwalimu mmoja, hata awe hodari vipi, atazeeka nazo. Waite walimu hamsini, wapange kwenye meza, huyu asahihishe swali la kwanza, yule la pili, kiongozi wa meza akague, na kazi itaisha kwa siku chache. Kompyuta kuu ndiyo hiyo: vichakataji mamia au maelfu vimeunganishwa, kila kimoja kimepewa kipande chake. Ramani ya mvua inakatwa vipande, kila kichakataji kinapiga hesabu za kipande chake na kuulizana na jirani. Akili mnemba hii tunayoikimbilia usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti (tusidanganyane) nayo imefundishwa kwenye mashine za namna hiyo.

Sasa, walimu hamsini bila mtu wa kuwapanga watapiga soga tu. Lazima mtu agawe maswali, aeleze mwongozo wa usahihishaji, ajue swali lipi haliwezi kusahihishwa kabla ya jingine. Vivyo hivyo, programu iliyoandikwa kwa kompyuta ya mezani haipati mbio kwa kuhamishiwa tu kwenye mashine kubwa. Mtu lazima aipange upya. Huyo mtu ndiye ninayemtafuta katika makala haya.

Tukiulizwa kwa nini hatutumii teknolojia hizi, jibu letu la haraka ni kwamba hatuna vifaa. Si kweli kihivyo. DIT, pale Dar es Salaam, iliwahi kupata kompyuta ya familia ya PARAM kwa ushirikiano na India. Kompyuta kuu iitwayo Ranger, iliyowashwa Texas mwaka 2008, ilipostaafishwa mwaka 2013 sehemu zake zilisafirishwa hadi Afrika Kusini ili zigawanywe kuwa mashine ndogo kwa ajili ya vyuo vya ukanda huu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Cape Town kuna Lengau, iliyozinduliwa mwaka 2016. Jina lake ni duma kwa Kitswana. Vyuma vimekuwa vikija. Tatizo ni kwamba vyuma vina siku ya makabidhiano: utepe unakatwa, picha zinapigwa, soda zinanyweka. Mtu wa kukaa na mtafiti Jumanne jioni akimwelekeza namna ya kutuma kazi kwenye mashine hana siku ya kukatiwa utepe, kwa hiyo hayumo kwenye bajeti.

Wenzetu wa Ulaya wana mashine kuliko sisi. Finland wanayo LUMI, imewekwa mji wa Kajaani ndani ya kilichokuwa kiwanda cha karatasi. Lakini hata wao waliona mashine peke yake haitoshi. Mwaka 2020 wakaanzisha mpango unaoitwa EuroCC, ukaingiza nchi 33, kila nchi na kituo chake. Kazi ya vituo hivyo ni kusaidia watu: kampuni ndogo, mtafiti, taasisi ya umma. Wanasikiliza tatizo, wanasema kama kweli linahitaji mashine kubwa, wanafundisha, wanafanya jaribio la kwanza pamoja na mwenye tatizo. Kama mtu wa Finland mwenye umeme usiokatika anahitaji kushikwa mkono, sisi tunajidai nini?

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka shambani. Wapo watu waliotengeneza programu ya simu inaitwa Nuru, ya PlantVillage wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA. Mkulima anaielekeza simu kwenye jani la muhogo, nayo inamwambia kama kuna batobato au michirizi ya kahawia. Haihitaji intaneti shambani. Kazi nzito ya kuifundisha ilifanyika kwanza kwenye kompyuta zenye nguvu, tena kwa picha za muhogo zilizopigwa hapa hapa Tanzania, kisha matokeo yakafungashwa yakaingia kwenye simu. Hapo utaona mkulima hana haja ya kumiliki kompyuta kuu ili anufaike nayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru ukiilinganisha na watu. Wakulima walitambua dalili kwa usahihi kati ya asilimia 18 na 31. Maafisa ugani, asilimia 40 hadi 58. Nuru, asilimia 65. Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu na kusema mashine imeshinda. Endelea kusoma. Mtumiaji alipopima majani sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Mabadiliko hayo hayakudai chombo kipya wala simu ya bei kubwa. Yalidai mtu aliyejua kwamba jani moja halitoshi. Na kumfanya mtu ajue jambo kama hilo, kitaaluma, kunaitwa kufundisha.

Upande wa zahanati nimejionea mwenyewe. Nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nilifikia kwa mama mdogo, ambaye ni muuguzi. Zahanati yao ililetewa kishikwambi chenye programu ya kusaidia kuamua mgonjwa yupi wa kikohozi apelekwe kupigwa picha ya kifua. Walifundishwa watu wawili, siku moja, hotelini. Mmoja akahamishwa, wa pili akaenda likizo ya uzazi. Nilikikuta kishikwambi kabatini, kimefungwa kwenye mfuko wake vizuri kabisa. Nikamuuliza, "Mama, mbona hamkitumii?" Akacheka. "Mwanangu, kikisema hapana na macho yangu yakasema ndiyo, nimfuate nani? Hilo hawakutufundisha."

Swali hilo halijaniacha mpaka leo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za kusoma picha za kifua zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Maana yake vyombo vya aina hii vitazidi kuja. Lakini chombo cha uchunguzi kinatoa dokezo, kisha mgonjwa anapimwa makohozi, na mwenye dhamana anabaki kuwa mtoa huduma. Mama mdogo alihitaji mtu wa kumwambia hayo, tena arudi baada ya wiki mbili kuuliza imekuwaje. Alichopata ni cheti cha kuhudhuria.

Kwenye biashara nako, kuna mzee anauza nafaka kwa jumla karibu na geti letu. Aliniuliza kama hiyo AI inaweza kumwambia anunue magunia mangapi ya mchele kabla wanafunzi hawajarudi likizo. Nikaomba kuona daftari. Mauzo, madeni na michango ya harusi vyote viko ukurasa mmoja. Nikamwambia ukweli: Mzee, bado. Tukaanza kwa kutenganisha daftari, halafu tukahamishia kwenye jedwali la simu. Msaidizi mzuri ni yule anayethubutu kumwambia mtu kwamba tatizo lake halihitaji mashine kubwa, angalau kwa sasa. Muuzaji wa mashine hawezi kukwambia hivyo.

Ndiyo maana wasaidizi hao wanapaswa kuwa wetu, wa hapa. Majirani zetu Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya kumwona daktari kwa simu iliyosajili zaidi ya watu milioni mbili. Kampuni mama ilikuwa Uingereza. Ilipoanguka mwaka 2023, huduma ya Rwanda nayo ikafungwa. Ukiegemea mti wa jirani, siku akiukata unaanguka nao.

Najua majibu yatakayokuja pale vimbwetani. La kwanza: umeme wenyewe unasumbua, kompyuta kuu za nini? Nami nasema dada yangu wa mvua aliathiriwa na umeme huo huo kwa sababu alikuwa peke yake chumbani. Mashine ya pamoja yenye jenereta, pamoja na mtu wa kumfundisha kuhifadhi kazi kila baada ya saa moja, ndiyo dawa ya umeme mbovu. La pili: AI itatumalizia ajira. Inawezekana kwa baadhi. Lakini mwakani namaliza, na kaka zetu waliomaliza ualimu kabla yangu bado wapo nyumbani wanasubiri tangazo la ajira huku wakifundisha tuisheni. Mimi nina miaka 22 na sitaki kukaa kwenye foleni hiyo nikiamini kwamba kazi ya mwalimu iko darasani tu, wakati zahanati na maduka yamejaa watu wazima wanaohitaji kufundishwa. La tatu: mwanafunzi wa ualimu anajua nini kuhusu vichakataji? Anajua kidogo. Anachojua vizuri ni kuuliza mtu ameelewa wapi na amepotelea wapi. Wenzetu wa kompyuta wanajua mashine, na mara nyingi ukiwauliza swali moja wanakujibu kwa maneno kumi usiyoyajua. Tukiwekwa pamoja tutafaa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa serikali yetu ya wanafunzi na kwa uongozi wa chuo.

Moja, kila mwanafunzi wa uzamili anayesajili utafiti apewe ukurasa mmoja tu unaosema chuo kina mashine gani, iko wapi, na anamwona nani. Ukurasa mmoja.

Mbili, iwepo meza ya msaada kila wiki, wanafunzi wawili wawili, mmoja wa kompyuta na mmoja wa ualimu, na muda wao uhesabiwe kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Tuanze na watu watatu: mtafiti mmoja, zahanati moja, duka moja. Tufuatilie muhula mzima kabla ya kuongeza wa nne.

Tatu, kila msaidizi afundishwe kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na majibu ya wagonjwa hayapakiwi kwenye programu yoyote ya bure ya mtandaoni ili kuona itasema nini. Asiyeelewa hilo asikae kwenye meza yetu.

Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji ratiba, chumba chenye soketi zinazofanya kazi, na mkuu wa idara wa kusaini.

Dada wa mvua amehitimu na amerudi kwao. Kabla hajaondoka alinipa daftari dogo alilokuwa akiandika kila kosa lililomkwamisha na namna alivyolitatua, mengine yakimchukua wiki nzima. "Labda kuna mtu litamsaidia," alisema. Nimelipiga picha kurasa zote. Kila Alhamisi saa kumi jioni, kuanzia wiki ijayo, nitakuwa kwenye kimbweta cha kwanza nyuma ya maktaba nikiwa nalo, pamoja na rafiki yangu wa kompyuta aliyekubali kwa ahadi ya chipsi mayai. Mwenye hesabu zinazogoma kwisha, aje nazo.