Ajali Haina Kinga? Tuulize Kwanza

Leo tuache kidogo mapishi na mavazi, tuzungumzie jambo linalotugusa sote tunaotoka asubuhi kutafuta riziki: ajali za kazini, na haraka yetu ya kuzifunga kabla hatujazielewa.

Mwenzetu akiungua na mafuta jikoni hotelini, au akiteleza kwenye chumba cha kufulia akavunjika mkono, husikii ila majibu mawili. La kwanza: "Mzembe yule, hakuangalia." La pili: "Ajali haina kinga, ndiyo kadari yake." Basi atapelekwa hospitali, tutamchangia na kumpa pole, na kesho mwengine atasimama pale pale, kwenye sakafu ile ile yenye maji. Majibu haya yanaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanatuponza, kwa sababu yanafunga mlango wa kuuliza.

Na kuuliza si elimu ngumu. Kule Japani, kampuni ya Toyota ilijulikana kwa mtindo wa kuuliza "kwa nini?" mara tano kila panapotokea tatizo kiwandani, mpaka ufikiwe mzizi wake. Tujaribu na sisi kwa kazi tunayoijua. Tuseme mkulima wa mwani amenusurika kuzama. Kwa nini? Hajui kuogelea. Wengi tungeishia hapo. Lakini kwa nini alikuwa kwenye maji marefu? Kwa sababu mwani wa kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, unakufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyozidi joto, kwa hiyo inabidi uufuate ndani. Kwa nini alikwenda peke yake, bila jaketi la kuokolea maisha? Kwa sababu waliomshauri ahamie huko walimpa kamba na mbegu, wala hakuna aliyefikiria kumfundisha kuogelea. Hapo sasa tumefika mahali tunapoweza kufanya kitu. Uzembe hauna duka la kununulia dawa yake, lakini jaketi linanunuliwa, kuogelea kunafundishwa, na kwenda wawili wawili hakuna gharama.

Historia nayo ina funzo kubwa, na ni funzo la wanawake. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kilichokuwa ghorofa tatu za juu za jengo moja kiliwaka moto. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji waliokuwa wakishona blauzi. Moto ulianzia kwenye pipa la vipande vya vitambaa, na ilidhaniwa ni sigara au kiberiti. Ingekuwa rahisi kusema "mvuta sigara ndiye aliyeua" na kumaliza. Lakini mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ngazi za zimamoto hazikuwafikia, ngazi ya dharura ya nje iliporomoka, na ghorofa moja haikupata taarifa kwa wakati. Sigara iliwasha moto tu. Kilichowanyima njia ya kutoka kilikuwa kimepangwa na watu muda mrefu kabla.

Wenye kiwanda walishitakiwa, na mahakama ikawaachia. Lakini jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, ikasikiliza mashahidi na kuingia viwandani kujionea. Katika miaka michache zikatungwa sheria za milango isiyofungwa saa za kazi na mazoezi ya kukimbia moto. Mmoja wa waliofanya kazi na tume hiyo alikuwa Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Mwenye hatia ahukumiwe, sikatai. Ila kumtafuta mkosaji na kutafuta chanzo ni kazi mbili tofauti, na inayomlinda mfanyakazi wa kesho ni ile ya pili.

Najua wapo watakaoniambia, "Bibi wee, unapingana na kadari?" Hasha. Sote tunakumbuka mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwa yule mwenye ngamia: amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuchunguza ajali ni kuitazama kamba ya ngamia. Imekatika wapi? Nani alipaswa kuikagua? Mbona hakupewa mpya?

Basi ikitokea ajali kazini kwenu, kwanza ahudumiwe aliyeumia. Kisha msikimbilie kupiga deki na kupanga vitu, mpaka palipotokea pametazamwa. Andikeni siku ile ile, kumbukumbu zikiwa mbichi. Waulizeni waliokuwepo bila kuwatisha, maana anayeogopa kufukuzwa hatasema kweli. Rikebisheni chanzo, na baada ya wiki chache mrudi kuangalia kama kweli kimeondoka. Hata ile ajali iliyokukosa kidogo, ukasema alhamdulillahi ukaendelea na kazi, isemeni. Hiyo ni onyo lililokuja bila ya jeraha.

Na tusione haya kudai. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na usalama wako ni wajibu wa mwajiri, si hisani yake. Mwenzako akianguka, mpe pole, mwombee shifaa, kisha uliza kwa nini. Ukijibiwa "uzembe" au "kadari", uliza tena.

Mwenyezi Mungu atulinde sote katika riziki zetu. Amin.