Mpeni Arminius Msitu Wake
Safu ya Mzee Kete

Mpenzi wa vita vya mezani anayechagua Warumi hupaka rangi safu za ngao zinazofanana, kazi ikaisha. Anayechagua Wagali au Wagermanik amejitwisha mzigo: suruali za mirabamiraba, ngao za kila rangi, masharubu, na sanamu nyingi kuliko za mpinzani. Kisha huzipanga kwenye uwanja tambarare, huzisukuma mbele kwa kelele, na kabla chai haijapoa nusu ya jeshi imeshaondolewa mezani.

Lawama huangushiwa makabila. Husemwa kuwa ni watu wa pigo la kwanza, wakilikosa, wametawanyika. Lakini karibu yote tunayosoma juu yao yaliandikwa upande wa adui zao, na hata huko ushahidi haukubaliani na sifa hiyo. Huko Telamon, mwaka 225 KK, Wagali walibanwa katikati ya majeshi mawili ya Kirumi. Polybius anasimulia kwamba walijipanga wakipeana migongo, wakapigana pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa ushujaa hawakupungukiwa, walichozidiwa ni silaha. Tacitus naye anaeleza kuwa vikosi vya Wagermanik vilipangwa kwa familia na koo. Mtu aliyesimama kati ya kaka na binamu hakimbii ovyo.

Kasoro iko kwenye meza. Chukua kanuni za DBA za Phil Barker na wenzake, zilizotoka 1990, ambamo jeshi zima ni vibao 12 tu vya sanamu. Kila upande hurusha dadu moja na kujumlisha nguvu yake. Mahali pa wazi askari wa upanga wa Kirumi ana 5. Kikosi cha kabila kina 3, au 4 kikiungwa mkono na kingine nyuma yake. Kwa hesabu hiyo kabila lililoungwa mkono hushinda mara 10 kati ya 36, ingawa likishinda Mrumi hufutwa papo hapo. Wapeleke wote msituni: Mrumi anapunguziwa 2, kabila halipunguziwi kitu ila msaada wa nyuma. Sasa ni 3 kwa 3, na nafasi ya kabila imepanda hadi 15 kati ya 36.

Arminius, kiongozi wa Wagermanik, alilijua hilo bila dadu. Alikuwa amelitumikia jeshi la Roma, akijua lejioni ikipata nafasi ya kujipanga haishikiki. Mwaka 9 BK aliivizia misafara ya jemadari Mrumi Varus kwenye misitu ya Teutoburg, na lejioni tatu zikaangamia.

Katika DBA anayeshambuliwa ndiye anayepanga mandhari, na mara nyingi huyo atakuwa mwenye kabila. Ajabu ni kwamba wengi huweka kijilima kimoja na kichaka pembeni, labda kwa adabu, kisha hulalamikia kanuni. Safu hii inasema: jazeni miti.

Anayemchezea Boudica, kiongozi wa Wabritania ambaye kwa Tacitus alishindwa na jemadari Mrumi Suetonius mbele ya korongo jembamba, Mrumi akiwa na msitu mgongoni, naye asijionee huruma. Asimwachie Mrumi achague korongo lake, wala asiyapange yale magari ya kukokotwa nyuma ya Wabritania, palepale yalipowazibia njia ya kukimbilia.